Mkono wa Nyumba Namba Tisa

Sogeeni karibu. Mwenye kiti akae, asiye nacho aegemee ukuta. Hadithi hii imefika hapa bila mwisho, na kazi ya kuutafuta mwisho wake mmepewa ninyi.

Katika Maghorofa ya Katani, kule Tanga, waliishi watu watatu, na kila mmoja Mwenyezi Mungu alimjalia kitu chake.

Wa kwanza ni Mwajabu binti Salehe, mpiga chapa katika duka la vifaa vya ofisi. Yeye alijaliwa macho yasiyoruka mstari. Watu wengine hutazama kichwa cha barua, wakatazama sahihi, wakasema wameisoma. Mwajabu husoma mpaka yale maandishi madogo ya chini kabisa. Hata karatasi inayokuja ndani ya kisanduku cha dawa ya kikohozi huisoma yote, na wifi yake humcheka: "Wewe Mwajabu, ungekuwa mbuzi ungezila hizo karatasi!"

Wa pili ni Semboja, dereva wa bodaboda. Yeye alijaliwa njia. Baba yake alikuwa mkata mkonge, wakahamahama mashamba manne, na kila njia ya trekta, kila daraja la mbao, kila kijia kati ya mkonge na mkonge, Semboja anakijua kama anavyoujua mlango wake. Umwambie unakwenda Muheza, atakuuliza, "Kwa barabara ya watu au kwa yangu?"

Wa tatu ni Mama Perpetua, fundi cherehani, naye ni katekista wa jumuiya yake. Yeye alijaliwa majina. Jina likimwingia sikioni halitoki tena. Ukimshonea nguo mtoto wako kwake leo, miaka ishirini ijayo atamuulizia kwa jina lake, na la baba yake, na la yule shangazi aliyekuja naye kupima.

Wote watatu walikuwa wapangaji tu, na wote walikuwa na shida ya pa kulala. Mwajabu alilala sebuleni kwa kaka yake. Semboja alipanga stoo chini ya ngazi, yeye na pikipiki yake kitanda kimoja, kama alivyopenda kusema. Mama Perpetua aliishi chumba kimoja na wajukuu wawili, na mwenye chumba alikwisha kumwambia anakitaka.

Sasa msikilize habari ya Bi Zaituni.

Bi Zaituni Mhando alikuwa na nyumba yake mwenyewe, namba kumi na mbili, ghorofa ya juu kabisa. Yeye na mumewe waliinunua zamani, maghorofa yalipouzwa kwa wale waliokuwa wakiishi humo. Nyumba nzuri, upepo mtupu. Lakini magoti yake yaliharibika, na ngazi ni hamsini na nne. Mzee Mhando alipokuwa hai, siku za Idi yeye na Semboja walimbeba na kiti chake mpaka chini. Mwaka jana, mwezi wa Shaban, Mzee akafariki. Wanaume wakaliteremsha jeneza, Bi Zaituni akabaki mlangoni, akisikiliza hatua zao zikipungua ngazi kwa ngazi mpaka hazikusikika.

Tangu siku hiyo hakushuka. Mara moja walijaribu kumbeba, mmoja akateleza, kiti kikapiga ukuta, akasema basi. Kilichomuuma hasa ni misiba. Watu wa Tanga mnaelewa. Watu walikuja kumpa pole kwa siku arobaini, wakapanda ngazi zote zile, na sasa misiba yao inatokea, yeye anaisikia kwa spika za msikiti na kwa kengele ya kanisa, na hawezi kwenda kukaa mkekani na wenzake. Misiba kumi na mmoja imempita. Aliihesabu.

Chini, karibu na lango, palikuwa na chumba kikubwa chenye choo chake. Zamani kilikuwa ofisi ya karani wa katani. Sasa kilikuwa mali ya wenye nyumba wote kwa pamoja, na ndani yake mlikuwa na ngazi mbovu na makopo ya rangi. Bi Zaituni akawaandikia wenzake ombi: apewe chumba kile aishi chini mpaka Mungu atakapomchukua, na nyumba yake ya juu iwe ya wote wakati huo, wafanyie mikutano wakitaka, wapangishe wakitaka.

Katiba ya Umoja wao ilisema mali ya pamoja haigawiwi ila kwa kura saba kati ya kumi na mbili. Nyumba moja, kura moja. Zisipofika saba, ombi limeanguka, na kamati ina ruhusa ya kukipangisha chumba. Mwenyekiti, Bwana Mgaza, alikwisha kumpata mtu wa duka la saruji. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Paa linavuja, kodi ya duka ingeliziba, naye anaishi chini ya paa.

"Mama Mhando, mimi nakuonea huruma," alimwambia. "Lakini huruma haizibi bati."

"Nami sikuombi huruma, Bwana Mgaza. Nakuomba chumba."

Basi mkutano ukapangwa Jumapili, saa nne asubuhi, uwanjani. Bi Zaituni alikwisha kuhesabu: yeye mwenyewe, zile nyumba mbili za chini, Mwalimu Shekue ambaye ni katibu, ndugu wawili wa ghorofa ya pili, kila mmoja na nyumba yake, na namba tisa. Saba kamili. Jumamosi alipika wali wa nazi kwa furaha, akala peke yake roshani, akamshukuru Mola wake.

Jumapili, saa moja asubuhi, mlango ukagongwa kwa fujo.

"Hodi bibi! Shikamoo!"

"Marahaba, Mwajabu. Mbona unahema hivyo? Barua yangu ipo mezani, chukua."

Kwa sababu hakuweza kushuka, Bi Zaituni aliandika barua ya uwakilishi, Mwajabu akapige kura kwa niaba yake. Hiyo ndiyo desturi yao. Asiyeweza kufika huandika kwa mkono wake, husaini, hutaja mtu mmoja mkazi wa maghorofa, na mtu huyo hubeba barua moja tu, si mbili. Picha ya simu haikubaliwi. Karatasi yenyewe imfikie katibu kabla mwenyekiti hajaufungua mkutano.

Lakini Mwajabu hakuitazama barua iliyokuwa mezani. Alishika faili kifuani.

"Bibi, tuna kura ngapi?"

"Saba. Si tulihesabu wote?"

"Namba tisa anaishika nani?"

"Namba tisa si anaishika Mzee..."

Mkono ukamwendea mdomoni.

Namba tisa ni ya Ester Kiondo, muuguzi. Yuko milimani, juu ya Muheza, kwenye zahanati ya kijijini, mwaka wa sita sasa. Alipoondoka aliacha barua ya kudumu: kila mkutano, mkono wake uinuliwe na Mzee Mhando. Na kila mwaka Mwalimu Shekue aliposoma orodha, "Namba tisa?", Mzee aliitika, "Yupo, huyu hapa." Mwaka huu Ester alipiga simu, akasema yuko upande wa Bi Zaituni, na kila mtu akaandika namba tisa upande wa Bi Zaituni. Hapana aliyekumbuka kwamba mkono uliokuwa uinuliwe umezikwa. Hata mkewe alikuwa amemhesabu. Hata mkewe, jamani, ambaye kila alfajiri humuombea!

"Mwalimu Shekue alinipa faili jana niipige chapa orodha," Mwajabu alisema. "Leo nimeamka kuipitia. Kifungu cha ishirini na moja, mstari wa mwisho: mwakilishi akifariki, barua yake imekwisha. Bibi, tuna sita."

Bi Zaituni alikaa. Machozi yalimlengalenga, na hayakuwa ya chumba. Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Inna lillahi. Ester anaweza kuandika nyingine?"

"Nimeshampigia. Anasema ataandika sasa hivi. Lakini yuko peke yake zahanati, kuna mama ana uchungu, hawezi kuondoka. Na karatasi lazima ifike hapa."

Walitazamana. Kisha wote wawili, mzee na kijana, wakapiga kelele kwa pamoja kuelekea ngazini:

"Semboja!"

Semboja alikuwa akiosha pikipiki. Alipanda na sabuni mikononi, akasikiliza, akatazama saa ya ukutani.

"Kwenda na kurudi, masaa matatu kwa barabara ya watu. Nikichelewa kidogo tu, mmekwisha."

"Na kwa barabara yako?" aliuliza Mwajabu.

"Inategemea mvua ya jana imefanya nini."

"Nenda, mwanangu," Bi Zaituni alisema. "Ila usijiue. Sitaki msiba wa kumi na mbili."

"Huo ungeuhudhuria bibi, ningefia hapa hapa langoni!" Akacheka, akaruka ngazi mbili mbili, na kabla sabuni haijakauka sakafuni, pikipiki ilikuwa imelia.

Alivyokwenda, walikuja kusikia baadaye. Mpaka Muheza, lami, hapana neno. Kupanda mlima, udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Alifika zahanati akapiga kelele nje ya dirisha, "Dada Ester! Barua!"

"Ngoja! Kichwa kimeshatokea!"

"Kichwa cha barua?"

"Cha mtoto, mjinga wewe! Kaa hapo!"

Akakaa. Mnafikiri kukaa ni kazi nyepesi? Alikaa kwenye benchi akiitazama saa yake, magoti yanacheza, mpaka mtoto akalia. Ester akatoka, akanawa, akaandika barua kwa mkono wake mwenyewe, akamtaja Semboja kuwa mwakilishi kwa kuwa ndiye aliyekuwa mbele ya macho yake, akasaini, akamwambia, "Ni wa kiume. Haya, kimbia."

Saa nne kasoro robo, Bi Zaituni alikuwa roshani, kiti chake kimesukumwa mpaka kwenye chuma cha ukingo. Chini watu walikwisha kukaa. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika historia ya Maghorofa ya Katani, mwenyekiti alifika kabla ya saa.

Semboja hapokei simu.

Saa nne kamili, Bwana Mgaza akasimama. "Ndugu wajumbe, wote tupo. Tuombe, tufungue."

Maghorofa yale yana Waislamu na Wakristo, na tangu zamani mwaka mmoja dua husomwa na hawa, mwaka wa pili husaliwa na hawa. Mwaka uliopita alisoma Mzee Mhando. Mwaka huu zamu ilikuwa ya Mama Perpetua. Na mkutano haufunguliwi kabla ya sala. Hilo halimo katika katiba, ni la zamani kuliko katiba.

Bi Zaituni alimwona Mwajabu akiinama sikioni mwa Mama Perpetua. Maneno hakuyasikia siku ile, ila aliambiwa.

"Mama, Semboja yuko njiani. Sali taratibu."

"Kuanzia wapi?"

"Popote, mama. Ila usifike mwisho."

Mama Perpetua akasimama, akafunga kitambaa chake vizuri. Sauti yake haikuwa kubwa, ila ilipanda mpaka ghorofa ya juu.

"Mwenyezi Mungu, kabla hatujakuomba ya leo, tunakuja na wenzetu waliotutangulia katika nyumba hizi. Mkumbuke Athanasi, seremala wa namba moja, aliyetengeneza lango hili."

"Amina," watu wakasema.

"Mkumbuke Mwanakombo, aliyeuza vitumbua pale ngazini, akawapa watoto vilivyovunjika."

"Amina."

"Wakumbuke wale pacha wa namba nne waliokaa duniani siku tatu. Kulwa na Doto."

Bwana Mgaza akakohoa. "Amina! Basi, ndugu..."

"Mkumbuke karani Shembilu, aliyegongwa na behewa la mkonge," Mama Perpetua akaendelea, kama hakusikia. "Mkumbuke mlinzi wetu Lukindo, na mbwa wake aliyekataa kula."

Mtu mmoja wa ghorofa ya tatu alinong'ona kwa nguvu, "Sasa mpaka mbwa?" Mkewe akampiga kiwiko. Watu wakacheka chini chini, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu majina yaliendelea kuja. Alitaja waliokufa kabla baadhi yao hawajazaliwa. Alitaja Waislamu, alitaja Wakristo, akamtaja hata mpangaji mmoja aliyekaa miezi miwili tu, akafia hospitali bila ndugu. Na kila jina alilipa kitu chake kimoja: huyu kofia yake, huyu wimbo wake, huyu alivyokuwa akigombana na bomba.

Dakika kumi. Dakika kumi na tano. Bi Zaituni alijivuta mpaka dirisha la jikoni linalotazama barabara, ameshika ukuta, magoti yanawaka. Barabara tupu. Akarudi roshani.

Chini palikuwa pamebadilika. Watu walianza kuongeza wenyewe. "Mama, usimsahau kaka yangu." "Kaka yako Hamza yupo kwenye orodha, mwanangu, anakuja." Mama mmoja alikuwa akilia na kutabasamu. Bwana Mgaza alifungua mdomo ili akate sala, na hapo hapo Mama Perpetua akasema:

"Mkumbuke Fortunata, mke wa kwanza wa mwenyekiti wetu, aliyepanda ule mwasmini karibu na tangi, akafa kabla haujatoa ua."

Bwana Mgaza akafunga mdomo. Akavua kofia. Hakukohoa tena.

"Na mkumbuke Rajabu Mhando," sauti ikapanda mpaka juu, "ambaye kwa miaka mitano aliinua mikono miwili katika mkutano huu, wake na wa jirani yake asiyekuwepo, na hakuwahi kuutumia ule wa jirani kwa faida yake."

Kule roshani Bi Zaituni aliinua viganja vyake. "Amina," akasema. "Amina, ewe Mola. Amina." Kwa muda ule, ndugu zangu, alisahau chumba. Alisahau kura. Mumewe alikuwa ametajwa na watu wote kwa sauti moja, na yeye alikuwepo.

Kisha akaisikia pikipiki.

Haikutokea upande wa barabara kuu. Ilitokea nyuma, upande wa reli, mahali ambapo hakuna gari linalopita. Lori lilikuwa limekwama darajani kule Muheza, limeziba njia, foleni haiendi mbele wala nyuma, na Semboja akaingia mkonge. Akapita njia za matrekta alizozijua tangu utotoni, akavuka mto pikipiki begani na barua mdomoni, akatokeza nyuma ya maghorofa, mwekundu kutoka kofia mpaka kiatu.

"Huyooo!" Bi Zaituni alipiga kelele toka juu, mzee mzima, kanga imemwanguka. "Semboja huyooo!"

"Amina," alisema Mama Perpetua, akakaa.

Semboja aliingia mbio, akampa Mwalimu Shekue karatasi. Yule mtu wa ghorofa ya tatu akasimama. "Amechelewa! Saa nne na nusu hii!"

Mwalimu Shekue akamgeukia mwenyekiti. "Ulikuwa umefungua?"

Bwana Mgaza alikuwa bado ameshika kofia mkononi. Angeweza kusema lolote, na wengine wangemuunga mkono. Akajifuta uso.

"Sikuwa nimefungua," akasema. "Pokea. Sasa nafungua."

Walipiga kura. Bi Zaituni alihesabu mikono toka juu, kidole chake kikigonga chuma: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Mwajabu akainua wa sita, huo ulikuwa wake yeye Bi Zaituni. Semboja akainua mkono wenye matope mpaka kwapani.

Saba!

Vigelegele vilipigwa mpaka wenye maduka ng'ambo wakatoka kuuliza ni harusi ya nani. Baada ya wiki mbili walimteremsha Bi Zaituni kwa kiti, wanaume wanne safari hii, Bwana Mgaza akitangulia na kutaja kila ngazi. Nyumba yake ya juu kamati ikaipangisha, kodi izibe paa. Na Jumatano yake ukatokea msiba mtaa wa pili. Bi Zaituni alijifunga kanga, akaenda kwa miguu yake na fimbo, polepole, akakaa mkekani na wenzake tangu asubuhi mpaka alasiri.

Sasa, wengine hapo wangesema hadithi imekwisha. Laiti ingekuwa hivyo.

Ester Kiondo alipiga simu. "Bibi, nimeongezewa miaka mitatu huku. Nyumba yangu ni tupu tangu mpangaji aondoke. Mzee Mhando alinishikia mkono wangu miaka mitano, hakuniomba hata soda. Nimeweka nadhiri: yule aliyeiokoa kura ile akae kwangu mpaka nirudi, bila kodi, na yeye ndiye awe mwakilishi wangu wa kudumu."

"Mungu akubariki, mwanangu. Ndiye nani sasa?"

"Mimi nilikuwa nazalisha, bibi, sikuona. Wewe uliona yote toka juu. Nimesaini barua, nimeacha nafasi ya jina. Jaza wewe."

"Nijaze watatu?"

"Katiba inataka jina moja. Na nyumba yangu ni chumba na sebule, unaijua. Dada mwali, kaka kapera, na mama na wajukuu wake, utawalazaje pamoja?"

Barua ikaja. Habari ikaenea kabla Bi Zaituni hajaifungua, na wale watatu wakaja kukaa barazani kwake, kwa heshima, lakini kila mmoja na hoja yake.

"Mimi sisemi nyumba ni yangu," Mwajabu alianza.

"Basi nyamaza," akasema Semboja.

"Nasema hivi. Nyote mlilala Jumamosi mkiwa na kura saba za ndoto. Nisingesoma mstari ule, Semboja angekuwa anaosha pikipiki, na Mama Perpetua angesali dakika mbili, tukashindwa tukiwa tumekaa. Aliyeona ndiye aliyeokoa."

"Kuona!" Semboja akacheka. "Uliona, ukakaa na faili lako kifuani. Kuona kungeileta karatasi? Nimevuka mto na pikipiki begani, Mwajabu. Jina langu ndilo Ester aliloandika, na mkono wa saba ni huu. Mmeuona wote."

"Tuliuona," alisema Mama Perpetua kwa upole. "Ulifika saa nne na nusu, baba. Mkutano ulikuwa saa nne. Bila sala yangu, karatasi ile ungemfungia bibi karanga. Ninyi mlileta kura. Mimi niliwawekea mlango wazi ili iingie."

"Lakini mama," Mwajabu akasema, "uliitumia sala ya Mungu kuchelewesha mkutano. Hilo nalo lina thawabu?"

Mama Perpetua hakukasirika. "Sikumdanganya Mungu hata jina moja. Anajua nilikuwa namwomba, na anajua nilikuwa namngoja Semboja. Yeye anaweza kusikia mawili."

Wakaondoka. Bi Zaituni akatafuta ushauri. Mwalimu Shekue akasema ni Semboja, kwa kuwa aliyeshika barua ndiye aliyepiga kura. Wifi yake Mwajabu akasema ni Mwajabu, na ilionekana wazi anataka sebule yake. Bwana Mgaza alisema, "Mimi nilishindwa na Mama Perpetua. Hao wengine wawili ningewaweza." Bi Zaituni akaswali rakaa mbili, akamwomba Mola amwonyeshe, akalala. Aliota mwasmini tu, na jina hakuoneshwa.

Nyumba akipewa mmoja, wawili watabaki walivyo: sebuleni kwa watu, au chini ya ngazi na pikipiki, au nje na wajukuu, vyombo juani. Na mlango mpya wa Bi Zaituni uko karibu na lango. Wote watatu watapita mbele yake kila asubuhi na kila jioni, nao watamwamkia.

Barua inatakiwa kwa katibu Ijumaa, baada ya swala. Leo ni Alhamisi. Bi Zaituni amekaa kizingitini, miguu yake imekanyaga ardhi, karatasi i mapajani, na kalamu ameikamata tangu adhuhuri.

Haya, wasikilizaji. Nanyi mkutano wenu umefunguliwa. Anayesema ni Mwajabu aliyeona, ainue mkono. Anayesema ni Semboja aliyeleta, ainue. Anayesema ni Mama Perpetua aliyengojesha, ainue. Mkono mmoja, mtu mmoja, na asiyekuwepo asihesabiwe kama hakuacha barua.

Lakini kabla hujainua, tuambie kwanza: ungekuwa wewe ndiye Bi Zaituni, ungeandika jina gani, na kesho asubuhi wale wawili wengine wakipita mlangoni na kukuamkia, ungewaitikia vipi?